Oili ya Pikapu Mpya: Kitabu Kwanza, Dumu Baadaye

Hotuba kwa wanachama wa ushirika wa wakulima wa parachichi, Njombe

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu wanachama, kamwene!

Nashukuru kwa mwaliko. Mwenyekiti alinieleza kwamba wengi wenu mmeagiza pikapu kwa mara ya kwanza, na kwamba kila anayefungua boneti anapewa ushauri tofauti wa oili. Nimefanya kazi kwenye injini za dizeli karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na hakuna kinachoniumiza kama kufungua injini changa iliyokufa wakati mwenyewe alikuwa akiitunza kwa moyo wote. Alimwaga oili kila mara, alilipa fundi, alinunua dumu la bei kubwa. Ila oili haikuwa ya injini ile.

Kuna kauli moja imeenea sana kwenye gereji zetu: gari ni jipya, basi liwekee oili nzito ili injini ikae muda mrefu. Linafunguliwa dumu la 20W-50, linamiminwa, na kila mtu anaridhika. Naomba leo tuiache kauli hiyo. Oili ya pikapu mpya haichaguliwi kwa uzito wala kwa bei. Waliochora injini waliichagua kabla gari halijatoka kiwandani, wakaiandika kwenye kitabu kinachokaa ndani ya dashibodi. Kazi inayobaki kwetu ni kukisoma kitabu hicho, kisha kujua gari letu linafanya kazi ngumu kiasi gani ili tuimwage oili kwa wakati wake.

Sasa tuzisome zile namba. Kwenye dumu mtaona 5W-30, 10W-30, 15W-40, 20W-50. Namba ya kwanza, yenye W, inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi. Namba ya pili inaeleza uzito wake injini ikishapata moto, na hupimwa kwenye nyuzi joto 100. Kwa hiyo 5W-30 na 15W-40 zinatofautiana mara mbili: asubuhi unapowasha, na mchana unapopanda mlima.

Kwa vipimo vya maabara, oili ya 15W inapimwa uwezo wake wa kuruhusu injini iwake kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ya 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Hapo mtaniuliza: fundi, Njombe kuna baridi, lakini baridi hiyo hatuna, ya nini kuhangaika? Ni kweli kwamba hakuna injini itakayogoma kuwaka Njombe kwa sababu ya 15W. Lakini kuwaka ni jambo moja, na oili kufika juu kabisa kwenye valvu na kwenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ni jambo jingine. Mwezi Juni na Julai, alfajiri, mnawasha magari kwenye baridi inayouma vidole. Oili ya 20W-50 saa hiyo ni kama uji wa ulezi uliolala. Pampu inaisukuma kwa shida, na oili nzito ikigomea kwenye filta, valvu ndogo iliyomo ndani ya filta hufunguka ili injini isikose oili kabisa. Maana yake ni kwamba kwa muda huo oili inapita bila kuchujwa. Kuchakaa kwingi kwa injini hutokea kwenye nyakati hizo za kuwasha, kuliko kwenye safari ndefu ya barabara ya lami.

Kuna pia suala la presha. Mtu akiweka oili nzito, akaona presha imepanda, anafurahi. Presha kubwa inaonyesha tu kwamba oili inapita kwa taabu. Kinacholinda beringi za kranshafti, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, ni oili kufika pale kwa wingi wa kutosha na kutandaza utando wake mwembamba kati ya chuma na chuma. Injini za siku hizi zimetengenezwa zikiwa na nafasi ndogo sana kati ya vyuma hivyo, na mianya ya kupitishia oili imepigwa hesabu kwa oili nyepesi. Ukiweka nzito kuliko ilivyoandikwa, unaitia njaa sehemu unayodhani unaishibisha.

Upande wa pili tusidanganyane. Pikapu zenu haziishi Njombe tu. Zitashuka Makambako, zitapita Iringa, zitateremka mlima wa Kitonga, zitavuka joto la Mikumi hadi Dar es Salaam, kama kilomita 700. Kurudi, zitapanda Kitonga ile ile, pengine na mbolea nyuma. Oili hiyo moja inapaswa kuwa nyepesi alfajiri huku kwetu na isiwe maji ya kunawa ikiwa Kitonga na mzigo. Kwa hiyo wengine wataniambia wanaiogopa 5W-30. Angalieni kitabu. Vitabu vingi vya pikapu za dizeli havitoi namba moja tu, vinatoa jedwali lenye namba mbili tatu pamoja na joto la mahali gari linapotumika, na vingine vinasema wazi kwamba kwa mzigo mzito au mwendo mkali unaweza kwenda kwenye namba ya juu zaidi ndani ya jedwali hilo. Kitabu kikiruhusu 5W-30 na 15W-40, mimi kwa gari la hapa linalobeba mzigo hadi pwani sina ugomvi na yoyote kati ya hizo mbili. Kisipoiruhusu 15W-40, usiiweke, hata kama jirani yako anaitumia na gari lake linakwenda.

Nikiri kwamba namba hizi ndizo sehemu nyepesi ya somo. Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu madumu mawili yanaweza kuandikwa 5W-30 yote na yakawa na oili mbili tofauti kabisa. Geuzeni dumu, msome nyuma.

Nyuma mtakuta herufi za taasisi mbili. Ya kwanza ni API, ya Marekani. Herufi S ni ya injini za petroli: SN, SP. Herufi C ni ya dizeli: CF, CH-4, CI-4, CK-4. Herufi ya pili ikisogea mbele kwenye alfabeti, oili ni ya kipindi kipya zaidi. CI-4 ilikuja 2002, CK-4 ilikuja mwishoni mwa 2016. Kwenye maduka yetu bado zinauzwa oili za CD na CF, madaraja ambayo Wamarekani wenyewe wameshayaondoa kwenye orodha ya yanayotumika. Dumu linang'aa, bei ni nafuu, lakini kilichomo ndani ni elimu ya miaka mingi iliyopita. Kwa kawaida daraja jipya linaweza kushika nafasi ya la zamani, ila la zamani haliwezi kushika nafasi ya jipya. Ukiona CI-4/SL kwenye dumu moja, maana yake oili hiyo ilitengenezwa hasa kwa dizeli na inafaa pia kwa petroli ya kiwango hicho.

Taasisi ya pili ni ACEA, ya watengenezaji wa magari wa Ulaya. Hawa wana A3/B4, wana C2, wana C3, na nyingine za malori. Toyota na wenzao wa Japani wana pia alama yao ya JASO, na ya dizeli ndogo inaitwa DL-1. Kampuni nyingine, kama Ford, huandika namba yao wenyewe ndefu, na namba hiyo ndiyo ya kutafuta kwenye dumu, herufi kwa herufi. Msiione kama urasimu. Zipo injini ambazo mkanda wake wa taimingi unazunguka ndani ya oili yenyewe, na oili isiyo yake huula mkanda ule taratibu. Mkanda ukichanika, vipande vyake huziba chujio la pampu, na injini inabaki bila oili hata kama stiki ya kupimia oili inaonyesha imejaa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta hasa. Ndugu zangu, kabla ya kununua oili yoyote, ulizeni: pikapu yangu ina DPF au haina?

DPF ni chujio lililofungwa kwenye bomba la moshi la dizeli. Kazi yake ni kunasa masizi, ule moshi mweusi, usitoke nje. Chujio likijaa, kompyuta ya gari hulipasha moto kufikia kama nyuzi 600 ili masizi yaungue yaishe. Masizi yanaungua. Jivu haliungui. Na jivu hilo linatoka kwenye oili ya injini, kwenye viungo vilivyotiwa kama kalisiamu na zinki, pale oili kidogo inapopenya ringi na kuungua. Jivu la kila tone linabaki ndani ya chujio, halitoki. Ndiyo maana gari lenye DPF linataka oili yenye jivu dogo. C2 na C3 za ACEA haziruhusiwi kuzidi asilimia 0.8 ya jivu. CK-4 haizidi asilimia 1. CI-4, oili nzuri kabisa kwa injini zisizo na chujio, haikuwekewa kikomo chochote cha jivu. Mkiniuliza tofauti ya C2 na C3, zote zina jivu dogo, lakini C3 inabaki na utando mnene zaidi kwenye joto la nyuzi 150, wakati C2 ni nyepesi kidogo ili kuokoa mafuta. Kitabu ndicho kinachosema ipi.

Pikapu nyingi mpya zinazouzwa na mawakala hapa nchini zimetengenezwa kwa soko letu na hazina chujio hilo. Lakini baadhi yenu mmeagiza kutoka Japani na Uingereza, mitumba iliyo mipya machoni. Hilux za dizeli zinazotoka huko za miaka ya karibuni zina DPF. Injini inaweza kuwa ile ile ya 2.4 au 2.8 kama ya jirani aliyenunua kwa wakala, boneti zikifunguliwa hamtaona tofauti, na fundi akaziwekea oili moja. Mmoja atakuwa sawa. Mwingine ataanza kuona taa ya chujio ikiwaka, kisha gari linapoteza nguvu, kisha anaambiwa chujio limeziba. Chujio jipya ni fedha ya kuuza miche mingi sana. Kagueni taa za dashibodi unapofungua swichi kabla ya kuwasha, someni kitabu, na mkiwa na shaka mpelekeeni wakala namba ya chesisi awaambie gari lilitokaje kiwandani.

Kwa wenye DPF nina angalizo moja zaidi. Kwenye baadhi ya injini, gari linapounguza masizi huongeza dizeli kidogo, na safari ikikatizwa katikati, dizeli hiyo huteremka hadi kwenye oili. Ukivuta stiki ukakuta oili imepanda kuliko ulivyoiacha, usishangilie kwamba gari halili oili. Imechanganyika na dizeli, imekuwa nyepesi, na inapaswa kumwagwa. Gari linalozunguka shambani na sokoni tu bila kupata safari ya barabara kuu ndilo linalougua ugonjwa huu.

Sasa dizeli yetu yenyewe. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango cha salfa kwenye dizeli kisizidi sehemu 50 kwa milioni. Kabla ya hapo kilikuwa 500, kwa hiyo tumepiga hatua kubwa. Ulaya wao wako kwenye 10. Salfa ikiungua ikakutana na mvuke wa maji hutengeneza asidi, na asidi hiyo huingia kwenye oili. Oili huwekewa viungo vya kuua asidi, na viungo hivyo huisha. Oili yenye jivu dogo kwa kawaida huwa na akiba ndogo ya viungo hivyo kuliko CI-4. Mtu anayesoma kwenye dumu kwamba oili hii inakwenda kilomita 20,000 au 30,000 ajue kwamba ahadi hiyo imetolewa kwa dizeli ya Ulaya na barabara za Ulaya. Na dizeli ya vidumu pembezoni mwa barabara msiikaribie. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, walianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji wa mafuta ya taa ndani ya dizeli ulikuwa umekithiri. Kituoni mna risiti na mna pa kulalamika. Kwenye kidumu hamna.

Basi tumwage oili lini? Vitabu huwa na safu mbili, matumizi ya kawaida na matumizi magumu. Ukisoma maelezo ya matumizi magumu utaona vumbi, mizigo mizito, safari fupi fupi, kuacha injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, barabara za matope. Hayo ni maisha ya pikapu ya mkulima wa Njombe kuanzia msimu wa mvua hadi wa kuvuna. Someni safu ya matumizi magumu. Kwa dizeli nyingi za aina hii mtakuta kilomita 5,000 badala ya 10,000, na mtakuta pia idadi ya miezi, kwa sababu gari likisimama oili nayo inazeeka. Kilomita peke yake zinadanganya: pikapu inayopanda njia ya shamba kwa gia ya kwanza na ya pili siku nzima haiongezi kilomita nyingi, ilhali injini imefanya kazi ya kutwa.

Rangi isiwatie hofu. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi mapema sana baada ya kubadilishwa, kwa sababu inaosha masizi na kuyabeba, na hiyo ni kazi yake. Kinachotisha ni oili iliyogeuka kama maziwa, maana hapo maji yameingia.

Kwa gari ambalo ni jipya kabisa, sifuri ya kiwanda, msiwe na haraka ya kumwaga oili siku ya kwanza. Ile ya kiwandani ni sahihi. Ringi na silinda bado zinazoeana. Kitabu cha Hilux kinasema kilomita 800 za mwanzo usivute tela, na hadi kilomita 1,000 usikimbize sana, usikanyage ghafla, wala usishike mwendo mmoja kwa muda mrefu. Anayelitoa gari bandarini na kulipakia mzigo hadi juu siku hiyo hiyo anaumiza kitu ambacho hakuna oili ya kukirudisha. Pia pimeni stiki kila wiki kipindi hicho, kwa sababu injini mpya inaweza kula oili zaidi kidogo kuliko itakavyokula baadaye.

Kiasi nacho ni muhimu. Hilux ya 2.8 inachukua kama lita 7.5 ukibadilisha na filta. Oili inauzwa kwa madumu ya lita 4 na 5, na nimeona mafundi wakimimina madumu mawili ya lita 4 mpaka tone la mwisho ili mteja asione amenunua bure. Oili ikizidi, kranshafti huipiga ikatoa povu, na povu halilindi beringi. Simamisha gari mahali tambarare, zima, subiri dakika tano au zaidi, pima, ongeza kidogo kidogo. Hiyo nusu lita iliyobaki iweke ndani ya gari kwa ajili ya kuongezea. Filta ibadilishwe kila mara, na iwe ya kweli. Zile dawa za kuchanganya na oili zinazouzwa kwenye vichupa, ziacheni dukani. Oili sahihi imekamilika. Na ukifika kileleni Kitonga ukataka kusimama, acha injini iungurume dakika moja kabla ya kuzima. Tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na kinachoipoza ni oili.

Oili feki ipo, na anayeitengeneza anahitaji kitu kimoja kutoka kwetu: madumu matupu. Kila dumu mnaloliacha gereji likiwa zima, na kifuniko chake, linaweza kurudi dukani limejazwa oili chafu iliyochujwa. Litobeni au likateni mbele ya macho yenu kabla hamjaondoka. Nunueni kwa wakala au duka linalotoa risiti ya EFD, angalieni alama ya TBS, Shirika la Viwango, angalieni kama lakiri haijaguswa na kama namba ya toleo kwenye dumu inasomeka vizuri. Nyinyi mko ushirika. Mkinunua pamoja, pipa zima la lita 208 kwa wakala, mkaligawana kwa magari ya aina moja, mtapata bei nzuri na mtakuwa na uhakika ambao mtu mmoja mmoja hawezi kuupata. Risiti na tarehe zitunzeni kwenye kitabu cha sevisi. Dhamana ya gari ikija kuhojiwa, karatasi hizo ndizo zitakazowatetea.

Oili chafu, wazee wangu, najua tunaipaka kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa, na nyingine inamwagwa nyuma ya banda. Ina risasi na metali nyingine zilizochubuka kwenye injini, na ina kemikali zinazosababisha saratani. Mashamba yenu yanateremkia kwenye mito mnayochota maji, na parachichi zenu zinapimwa huko Ulaya zinakokwenda. Wekeni pipa moja hapa ofisini kwa ushirika, kila mtu alete yake, likijaa likabidhiwe kwa wenye kibali cha kuikusanya.

Nimeona kuna mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja petroli, na ameniambia pikapu yake ni Hilux ya petroli ya 2.7. Mama, wewe huna habari ya DPF. Tafuta herufi S, ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu chako au jipya zaidi, na namba ambayo kitabu hicho kinaruhusu kwa baridi ya hapa. Ukikileta kitabu baada ya kikao tutakifungua pamoja ukurasa huo. Wengine wenye vitabu vya Kijapani njooni navyo pia, namba na herufi za oili humo ni zile zile.